Bastola ikigoma, ulizia magazini kwanza

MlengaShabaha

Wakuu, habari za muda huu.

Haipiti wiki bila mtu kuja humu na kilio kwamba bastola yake inagoma. Risasi inakwama nusu njia, au inasimama wima kama moshi wa jiko, au slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) inafunga juu ya chemba tupu, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa, wakati magazini, lile boksi la kulishia risasi, imejaa. Majibu yanakuja yale yale: mteremko wa kuingilia (unaoipandisha risasi kutoka magazini hadi chemba) upigwe msasa, springi ya slaidi ibadilishwe, uza utafute nyingine. Ni nadra mtu kumuuliza swali la kwanza kabisa: inagoma ukitumia magazini ipi?

Nataka uzi huu tukae kwenye hilo boksi tu. Nani kaunda bastola gani na ipi inapendeza mkononi, hayo yana nyuzi zake. Na wale wasiokuwa na kibali cha kumiliki, someni kama elimu ya mitambo, haina shida.

Tuanze na kazi yenyewe. Umefyatua, slaidi inarudi nyuma na kulitupa ganda tupu. Slaidi ikishapita, springi ya magazini inapandisha safu nzima ya risasi hadi ya juu igote chini ya midomo, zile kingo za juu za magazini zilizokunjwa ili zishike risasi. Slaidi inageuka, inakuja mbele, inaigonga risasi kwenye kitako na kuichomoa. Kichwa kinagusa mteremko, kinanyanyuka kuelekea chemba. Wakati huohuo midomo inakiachia kitako, nacho kinapanda kwenye uso wa slaidi, ukingo wake ukijipenyeza chini ya ndoano ya kuvutia ganda. Yote hayo yanaisha ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sasa angalia nani anaamua nini. Risasi inasubiri kwenye urefu gani? Magazini. Kichwa kimeinuka kwa pembe gani? Magazini. Kitako kinaachiwa mapema au kwa kuchelewa? Midomo ya magazini. Safu itafika juu kabla slaidi haijarudi? Springi ya magazini. Slaidi yenyewe inasukuma tu, haina ubunifu wowote. Kwa hiyo mtu anapompelekea fundi bastola akaacha magazini nyumbani, amepeleka nusu ya mashine.

Mfano ambao kila mtu anaujua ni M1911 ya John Browning. Jeshi la Marekani liliichukua Machi 1911 baada ya jaribio la risasi 6,000 ambalo bastola hiyo ilimaliza bila kugoma. Magazini yake ilikuwa ya safu moja, risasi 7 za .45 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi). Midomo yake haikuwa sambamba. Ilikuwa inapanuka taratibu kuelekea mbele, hivyo kitako cha risasi kinaachiwa kidogokidogo huku kichwa tayari kimeshaanza kuingia chemba. Risasi haiko huru hata mara moja. Upande mmoja imeshikwa na midomo, upande mwingine imeshapokelewa na chemba na ndoano.

Baadaye walenga shabaha wakaanza kutumia vichwa vifupi vilivyokatwa bapa mbele, vya kutoboa karatasi tundu safi. Risasi fupi haifiki chemba mapema, kwa hiyo ile midomo ya taratibu ikawa inaishikilia kitako kupita muda. Zikatokea magazini zenye midomo sambamba inayoachia ghafla. Zinazimudu risasi fupi, ila kwa sekunde ile ndogo risasi inaruka ikiwa huru, na ukizitia risasi za kawaida za kijeshi hutapata ule ulaini wa mwanzo. Kisha ikaja midomo ya katikati, nusu huku nusu kule. Aina tatu za midomo, bastola ileile, tabia tatu tofauti. Ndiyo maana ukimsikia mtu anasema "1911 ni mbovu" au "1911 haigomi", muulize ana magazini ya mdomo gani na risasi ya umbo gani.

Nawasilisha. Wenye nyongeza tiririkeni.

---

Kibendera

Mkuu umeandika vizuri ila unakuza mambo. Magazini ni bati limekunjwa, springi, na kipande cha kusukumia. Vipande vinne ukihesabu na kifuniko cha chini. Kitu rahisi hivyo kinaharibikaje kuliko slaidi yenye vipande vingi?

---

MlengaShabaha

Kinaharibika kwa sababu ndicho kinachoanguka sakafuni. Slaidi imetengenezwa kwa chuma kizito kilichokatwa na mashine. Midomo ya magazini ni bati la unene wa takriban milimita moja, nawe unalidondosha kwenye zege kila unapobadilisha. Vilevile ndicho kitu pekee kwenye bastola kinachobadilika kila baada ya risasi. Ikiwa na risasi 15 ni mashine moja, ikiwa na 1 ni mashine nyingine kabisa: uzito tofauti, nguvu ya springi tofauti, msuguano tofauti. Mbunifu inabidi aziridhishe zote mbili kwa springi moja.

Tena hebu chukua magazini ya 1911 ya mtindo wa zamani, itoe risasi zote, tazama kile kisukumio juu. Utaona kinundu kidogo katikati, kama mtu kapiga ncha ya msumari kwa chini. Wengi wanadhani ni alama ya kiwandani. Kile kinundu kipo kwa ajili ya risasi ya mwisho. Risasi ya mwisho inashikwa na springi iliyokwisha kulegea, na bastola inapopiga teke kwenda nyuma, risasi inabaki pale ilipo, yaani ukiitazama kutoka kwenye bastola inateleza mbele. Ikiteleza inatoka chini ya midomo kabla slaidi haijaigusa. Kinundu kinaizuia isiteleze. Baadhi ya visukumio vya kisasa vilivyolainishwa vimekiondoa, na kuna watu wanashangaa kwa nini ni ile ya mwisho tu inayowasumbua.

---

Koplo Mstaafu

Naunga mkono hoja. Vijana, kama mnataka kuona gharama ya magazini mbaya acheni bastola kidogo, tazameni bunduki ndogo zinazotumia risasi ya bastola. Sten ya Waingereza, Vita ya Pili. Magazini yake ilikuwa ya risasi 32, safu mbili zinazobanwa juu kuwa moja, mtindo uleule wa MP 40 ya Wajerumani. Ilikuwa inasifika kwa kukwama. Askari wakawa wanatia 28 hadi 30 badala ya 32 ili springi ipumue. Tena magazini inatokea ubavuni, kwa hiyo mtu anaifanya mpini, anaishika na kuining'inia wakati wa kupiga. Ukiivuta hivyo inahama pembe, midomo haitazamani tena na chemba sawasawa, bunduki inagoma. Askari walifundishwa washike kwingine.

Walipokuja na Sterling, bunduki ndogo iliyorithi nafasi ya Sten, ambayo Uingereza iliichukua 1953, George Patchett aliunda magazini upya kabisa. Ikawa imepinda, inabeba 34, na risasi zinatoka kushoto na kulia kwa zamu bila kubanwa kuwa safu moja. Kisukumio badala ya kuburuza bati kina viroda vinavyobingirika. Sifa ya Sterling ya kutogoma sehemu kubwa imetoka pale. Risasi ni ileile ya milimita 9. Kilichobadilika ni boksi.

---

Mgeni Jukwaani

Samahani wazee wangu, mimi mwanafunzi. Mzee Koplo umesema imepinda. Nilidhani kupinda ni kwa zile risasi ndefu za AK tu. Risasi ya bastola si imenyooka?

---

binti_wa_vyuma

Mdogo wangu swali zuri, ngoja nilijibu mimi, shuleni nilisoma mitambo.

Risasi ya 9x19, ndiyo hiyo ya milimita 9, haijanyooka. Ganda lake kwenye kitako lina kipenyo cha milimita 9.93, na mdomoni ni 9.65. Tofauti ni 0.28. Ukiishika moja mkononi hutaiona. Ila zipange 30 juu ya nyingine, kila moja inaegemea mbele kidogo kuliko iliyo chini yake, na safu inaanza kupinda yenyewe. Ukiilazimisha ikae kwenye boksi lililonyooka, kuna mahali risasi zinabana mbele na kuachia nyuma, au kinyume chake. Ndiyo maana hata MP5, bunduki ndogo ya Wajerumani, iliyoanza na magazini zilizonyooka miaka ya 1960, ilihamia kwenye zilizopinda mwaka 1977.

Kwenye bastola tunaponea kwa sababu safu ni fupi. Risasi 15 katika safu mbili hazijafika mahali pa kusumbua sana, na mpini wa bastola ukipindishwa hautashikika. Kwa hiyo bastola nyingi zinanyooka na kuvumilia kosa dogo. .45 ACP haina tatizo hilo, ganda lake karibu limenyooka.

Nikiwa hapa niseme la springi, maana naona kila mtu anaigusa juu juu.

Springi ya magazini ina kazi mbili zinazogombana. Ikiwa imejaa, lazima iwe na nguvu ya kuisukuma juu safu nzima. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa gramu 12 hivi, kwa hiyo 17 zinafika gramu 200. Huo mzigo unatakiwa uanze mwendo, upande kimo cha risasi moja na kusimama, yote kabla slaidi haijarejea. Usisahau msuguano: kwenye safu mbili kila risasi inasukuma ukuta wa pembeni, haisukumi juu tu. Springi ikishindwa mbio hizo, slaidi inapita juu ya kitako cha risasi na kuichubua ubavuni, au inafunga chemba ikiwa tupu.

Lakini ukiifanya springi ngumu mno, risasi ya juu inabanwa kwenye midomo kwa nguvu hadi slaidi inapoteza mwendo katika kuichomoa. Hapo utaona slaidi inasimama milimita chache kabla ya kufunga, hasa risasi ya kwanza kutoka kwenye magazini iliyojaa. Na springi inatii sheria ya Hooke, nguvu inalingana na mbano, kwa hiyo iliyo ngumu mwanzoni inalegea mwishoni. Dawa ni springi ndefu sana iliyobanwa tangu mwanzo, ili tofauti ya nguvu kati ya risasi ya kwanza na ya mwisho iwe ndogo. Springi ndefu inataka nafasi. Nafasi hiyohiyo ndiyo kila muuzaji anataka kuweka risasi moja zaidi.

Hapo ndipo penye ugomvi wote wa magazini, kwa maoni yangu. Mengine ni matawi.

---

MlengaShabaha

Umemaliza dada. Hiyo ya risasi moja zaidi ndiyo iliyozaa magazini za 1911 za risasi 8 ndani ya urefu uleule wa 7. Hakuna muujiza pale. Walipunguza kimo cha kisukumio na kupanga upya springi. Zilizofanywa kwa akili zinafanya kazi vizuri, zilizofanywa kwa pupa zina kisukumio kifupi kisicho na miguu ya kukishikilia wima. Kisukumio kikiinama mbele, risasi inainamisha pua na kugonga ukuta wa mbele wa magazini badala ya kupanda mteremko.

---

Kibendera

Sawa, nimewaelewa kwenye springi. Sasa tuambieni, yule anayeacha magazini imejaa droo miezi na miezi, springi haichoki? Mimi naambiwa kila siku nizipumzishe.

---

binti_wa_vyuma

Springi iliyobanwa ndani ya kiwango chake haichoki kwa kukaa. Inachoka kwa kwenda na kurudi. Anayejaza na kutoa kila siku eti anaipumzisha ndiye anayeichosha. Ikiwa mpya itafupika kidogo baada ya kujazwa mara za kwanza, kisha itatulia pale. Hilo ni la kawaida, usiogope.

Tatizo ni pale mbunifu alipokula nafasi yote. Waya ukibanwa kupita kiwango chake cha unyumbukaji, unabaki umefupika, na hapo kukaa kwa muda mrefu kunaongeza madhara. Kwa hiyo jibu linategemea magazini yenyewe. Ile ya safu moja yenye nafasi ya kutosha, iache imejaa usingizi ukuchukue. Ile iliyoshindiliwa hadi risasi ya mwisho unaingiza kwa kuuma meno, punguza moja.

Kipimo chepesi: ijaze kabisa, kisha bonyeza risasi ya juu kwa kidole gumba. Ikishuka kidogo, springi bado ina akiba. Isiposogea hata kidogo, ukiipachika bastola ikiwa imefungwa slaidi utapambana nayo, maana slaidi inataka kuisukuma risasi ya juu chini na hakuna pa kwenda. Watu wanapiga kitako cha magazini kwa kiganja, wanadhani imeshika, risasi ya kwanza inatoka na magazini inadondoka.

---

Koplo Mstaafu

Hilo la kudondoka nimeliona sana. Si magazini mbovu, ni mtu kajaza hadi shingoni na hakuvuta chini kuhakikisha imeshika.

Kuhusu springi ngumu, mkipata nafasi mshike Luger P08 ya Wajerumani. Mpini wake umelala nyuzi 55, na badala ya slaidi ina mitambo juu inayokunjuka kama goti, nayo inafunga kwa kasi. Risasi zinapanda kwa mshazari na muda ni mfupi, hivyo waliweka springi kali. Kali kiasi kwamba kwenye mkoba wa bastola palikuwa na kifaa maalumu cha kubonyezea kisukumio wakati wa kujaza. Risasi 8 tu, na vidole vinalia. Lakini ndiyo bei ya ule mshazari. Mtu akiibadilishia springi laini ili ajaze kwa raha, Luger inageuka kuwa ya risasi mojamoja.

---

Mgeni Jukwaani

Wazee, na hizi .22? Klabuni tunajifunzia .22 na zinagoma kuliko zote. Mwalimu anasema ni risasi za bei rahisi.

---

MlengaShabaha

Mwalimu hajakosea, uchafu na nta ya risasi za .22 vina mchango wao. Ila kuna jambo la umbo. .22 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako, mpana kuliko ganda. Ukizipanga kwenye boksi, ukingo wa risasi ya juu unatakiwa ukae mbele ya ukingo wa ya chini. Ukikaa nyuma yake, slaidi ikija kuichomoa ile ya juu inakuta imefungwa na mwenzake. Zinavutana, zinakwama. Ndiyo maana magazini nyingi za .22 zina kitufe ubavuni, ukivuta kisukumio chini kwa kidole unazilaza risasi taratibu moja baada ya nyingine. Usizidondoshe tu ndani kama karanga. Ukiisha kujaza tazama kwa pembeni: kila pua iwe inapanda kwa mpangilio, hakuna iliyolala kuliko jirani yake.

Ugonjwa huo unaipata hata .32 ACP ya Browning ya mwaka 1899. Ukingo wake umetokeza kidogo tu, kiasi kwamba watu wanasahau kwamba upo. Kwa risasi ya urefu wa kawaida magazini inazibana mbele na nyuma, hazina pa kuteleza. Ukitia zenye kichwa chenye tundu, ambazo ni fupi, inabaki nafasi mbele. Teke la bastola linazisogeza, ukingo unarukia nyuma ya mwenzake, mchezo umekwisha. Na huo mkwamo hautoki kwa kuvuta slaidi kama mingine. Inabidi uchomoe magazini na utoe risasi kwa mkono.

---

Kibendera

Hapa sasa nimepata kitu. Nilikuwa najiuliza kwa nini kibastola changu cha mfukoni kinakula risasi za kichwa cha mviringo bila neno, nikitia zile zenye tundu kinasusa.

---

binti_wa_vyuma

Kama ni .32 anza hapo. Kama ni 9 au .380, ukingo haujatokeza, kwa hiyo tazama urefu wa risasi na mahali pua inapogusa mteremko.

Nigusie na plastiki kabla hatujasahau. Glock 17, ile iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ilikuja na magazini ya polima yenye chuma sehemu tu. Zile za mwanzo ukizijaza zinatanuka tumbo na hazidondoki zenyewe ukibonyeza kitufe, unazivuta. Baadaye wakavika chuma ndani pande zote na zikawa zinadondoka. Kwenye kulisha, polima ina faida moja ambayo watu hawaisemi: ikianguka inarudi umbo lake. Bati likipinda, limepinda. Ubaya wake ni unene. Ukuta wa plastiki unakula nafasi ambayo bati lisingekula, ndiyo maana bastola nyembamba za kubeba chini ya nguo bado nyingi zinatumia bati.

---

Koplo Mstaafu

Na rangi ya ndani je? Msidharau. Wamarekani walipoingia Iraki 2003, bastola zao za M9, za Beretta, zilianza kugoma kwenye lile vumbi laini. Ukichunguza, tatizo kubwa lilikuwa kwenye magazini zilizopakwa fosfeti nzito (mpako wa kuzuia kutu) ndani na nje. Ile fosfeti ina uso wa kukwaruza, vumbi linashika pale, kisukumio kinasita, springi inashindwa kupandisha. Baadaye Beretta wakatoa magazini zenye mpako laini na mgumu, na habari ikatulia. Bastola haikuguswa.

Kwa hiyo kijana anayejaza oili ndani ya magazini ili iteleze, aache. Oili inaokota vumbi na kutengeneza tope. Futa kavu, basi.

---

MlengaShabaha

Kuna aliyeniuliza pembeni namna ya kugundua kama tatizo ni magazini. Naweka hapa wote msome. Kabla ya lolote: bastola tupu, chemba imekaguliwa kwa macho na kwa kidole, risasi ziko meza nyingine.

Zipe magazini zako namba. Rangi ya kucha, kalamu ya wino wa kudumu, chochote, chini kwenye kifuniko. Ikigoma, andika namba ya magazini na ilikuwa risasi ya ngapi. Hilo tu. Baada ya muda karatasi itakuambia. Kama mgomo unafuata namba 3 hata ukiitia kwenye bastola nyingine ya aina hiyo, umempata mchawi. Kama unazunguka magazini zote, rudi kwenye bastola au risasi.

Risasi ya ngapi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ikigoma ya kwanza kutoka magazini iliyojaa, shuku mbano mkubwa na msuguano. Ikigoma ya mwisho au ya pili kutoka mwisho, shuku springi iliyolegea au kisukumio kinachoinama. Ikigoma katikati, mara nyingi mahali palepale, pitisha kidole nje ya bati utafute mbonyeo. Kwenye safu mbili mbonyeo mdogo unatosha, kwani risasi zilikuwa zinapishana na nafasi kidogo sana.

Kisha midomo. Kama una kalipa ya vernia (kifaa cha kupimia upana kwa usahihi), pima upana wa midomo mbele na nyuma, linganisha na magazini nyingine ya aina hiyohiyo inayofanya kazi. Iliyotanuka inaiachia risasi mapema na kuiinua juu mno. Iliyobanwa inachelewesha. Tazama kona ya nyuma pale bati linapokunjwa kuwa mdomo, nyufa zinaanzia hapo. Zikianza, usikunje wala kuchomelea. Itupe.

La mwisho, lile tundu la ubavuni mwa magazini ambamo kishikizo cha bastola huingia kuishikilia. Bastola tupu, ingiza magazini tupu, isukume juu kwa kidole kisha iachie. Ikishuka sana kuliko wenzake, ama tundu limelika ama kishikizo kimechoka. Magazini ikikaa chini kwa milimita moja, kila risasi inagonga mteremko chini kwa milimita moja, na hapo ndipo watu wanakimbilia kuusugua mteremko ambao haukuwa na kosa.

---

Mgeni Jukwaani

Madini matupu. Swali la mwisho jamani. Mzee Koplo kasema Sterling ilitoa risasi kushoto na kulia kwa zamu, ikawa haigomi. Kwa nini bastola zote zisifanye hivyo? Hizi nyingi naona juu zinakuwa safu moja.

---

MlengaShabaha

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Ule mbanano wa safu mbili kuwa moja ndio sehemu dhaifu kuliko zote kwenye magazini ya bastola. Risasi mbili zinakutana kwenye koo, kila moja inataka kupita, na nguvu kubwa ya springi inapotelea kwenye kuta badala ya kwenda juu. Vumbi kidogo likifika pale, tayari.

Zimewahi kuwepo bastola zisizobana. Mauser C96 ilitoa kwa zamu tangu 1896, risasi 10 zikiwa kwenye boksi mbele ya kifyatulio. Stechkin ya Warusi ya 1951, risasi 20. Steyr GB ya Austria, risasi 18. Ukizijaza unashangaa, unabonyeza tu kwa gumba kama bunduki, hakuna kuuma vidole.

Lakini Dieudonné Saive alipounda magazini ya risasi 13 iliyoingia kwenye Browning Hi-Power ya 1935, alizibana juu kuwa moja, na karibu wote waliofuata wakapita njia hiyo.

---

binti_wa_vyuma

Na walikuwa na sababu. Ukitoa kwa zamu, midomo inakuwa mipana, mpini juu unakuwa mnene, slaidi inanenepa. Utepe wa kifyatulio unatakiwa upite kando ya magazini kwenda nyuma, nao unataka nafasi. Halafu risasi zinakuja kwa pembe mbili, moja toka kushoto na moja toka kulia, kwa hiyo mteremko lazima uwe mpana na uzipokee zote mbili sawasawa. Ikija moja katikati kila mara, mteremko una njia moja tu ya kuipatia.

Angalia zilizofaulu: C96 magazini iko nje ya mpini, na Stechkin ni kubwa kama kibuyu. Kwenye bastola ya kubeba kiunoni, ule unene wa juu unaulipia kila siku, mgomo unaulipia mara chache.

Walichofanya wa kisasa ni kurefusha koo. Tazama bastola ya SIG Sauer P365 ya 2018, ndogo kabisa lakini inabeba 10. Ukiitazama magazini yake kwa mbele, inaanza kupungua upana mapema na kwa taratibu, badala ya kubana ghafla karibu na midomo. Ile safu si mbili kamili wala si moja.

---

Kibendera

Mimi bado sijakubali. Kama Steyr GB iliweza kwenye mpini, wengine wameshindwa nini? Slaidi ikinenepa milimita mbili nani atakufa?

---

binti_wa_vyuma

Steyr GB ipime kiganjani kwanza halafu urudi. Tena jaribu kuivaa ndani ya suruali siku nzima.

---

Koplo Mstaafu

Kibendera, ukirudi uje na namba za magazini zako na ile karatasi. Na kile kibastola chako cha mfukoni, utuambie kama ni .32.